Nilipoteza mtoto kwa presha ya mimba. Je, nikibeba tena, utafiti una la kunisaidia?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Morogoro. Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na wiki nane. Ya pili nilianza kliniki mwezi wa tano, ikafika miezi saba na nusu. Miguu na uso vilivimba, kichwa kikaniuma siku tatu mfululizo, na nilipofika hospitali presha ilikuwa 170/110 na mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Mama mkwe anasema ni chango, na kwamba nilibeba ndoo nzito. Muuza duka la dawa ameniambia nikishika mimba tena nichome sindano za homoni za kuishikilia. Dada yangu naye nusura afe kwa kutokwa damu alipojifungua, kwa hiyo naogopa yote mawili. Je, wataalamu wamegundua njia yoyote ya kuzuia mambo haya, au ni bahati tu?

Jibu: Marahaba, mama. Nakuita mama kwa kuwa mtoto uliyembeba miezi saba na nusu ulimzaa, hata kama hukurudi naye nyumbani, na kabla ya lolote nakupa pole. Jibu fupi ni kwamba si bahati tu. Kwa mimba ya pili, ile iliyoondoka na presha, utafiti una jambo la kukupa. Kwa hofu ya kutokwa damu una mengi zaidi. Kwa mimba ya kwanza una kidogo sana, na sehemu ya kazi yangu leo ni kukuzuia usiuziwe kisichokuwepo. Lakini katika barua yako kuna maneno mawili yaliyonishika kuliko mengine yote, nayo ni "mwezi wa tano". Kinga iliyothibitishwa kwa tatizo lako, yaani aspirini ya dozi ndogo, huanza mwishoni mwa mwezi wa tatu. Mwanamke anayefika kliniki mwezi wa tano muda mzuri wa kinga hiyo umeshampita, hata akipokelewa na daktari bingwa.

Kwanza tutenganishe mimba zako mbili, maana ndugu na majirani huzifunga pamoja na kusema "mimba zake hazikai". Ile ya wiki nane ni jambo linalowapata wengi: kati ya mimba mia zinazojulikana, takriban 15 huharibika, nyingi zikiwa katika miezi mitatu ya mwanzo, na takriban nusu ya hizo au zaidi huharibika kwa sababu kromosomu, zile zinazobeba urithi kutoka kwa baba na mama, hazikujipanga sawasawa tangu siku ya kutungwa. Hakuna ndoo iliyoisababisha na hakuna kulala kitandani kungeizuia. Kupumzika kitandani kumechunguzwa kama njia ya kuzuia mimba isitoke, na haukupatikana ushahidi kwamba kunasaidia. Mimba moja iliyoharibika mapema haitupi sababu ya kukuhesabu kuwa mgonjwa. Kuhusu chango, neno hilo limebebeshwa maumivu ya hedhi, ugumba, tumbo kujaa na mengine mengi, kwa hiyo siwezi kulithibitisha wala kulikanusha kama ugonjwa mmoja. Ninachoweza kusema ni kwamba presha ya 170/110 na uso uliovimba vina maelezo yao, na maelezo hayo hayamo katika chango.

Sasa sindano za homoni. Naomba uniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu ushauri uliopewa dukani una historia mbaya. Mwaka 1938 wanasayansi wa Uingereza walitengeneza homoni ya kiwandani iitwayo diethilistilbestroli, au DES kwa kifupi. Kuanzia miaka ya 1940 madaktari, hasa wa Marekani, waliwapa wajawazito wengi dawa hiyo ili mimba zisitoke. Hoja ilionekana nzuri: homoni zikipungua mimba hutoka, basi tuziongeze. Mwaka 1953 yalichapishwa majaribio yaliyofanywa Chicago, ambamo kundi moja la wajawazito lilipewa DES na jingine vidonge visivyo na dawa, na DES haikuzuia chochote. Hata hivyo iliendelea kuandikwa kwa miaka karibu 20, mpaka mwaka 1971 madaktari wa Boston walipogundua saratani adimu ya uke kwa mabinti waliokuwa tumboni wakati mama zao wakimeza dawa hiyo. Ndiyo maana katika fani yetu maelezo yanayoingia akilini hayatoshi. Tunadai dawa ilinganishwe na vidonge bandia, yaani visivyo na dawa ndani, na akina mama wagawanywe kwa kura ili mapenzi ya daktari yasiingie.

Projesteroni, homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza, si DES, na imepita katika mizani hiyo. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wanawake 836 walioharibikiwa na mimba mara kwa mara bila sababu kujulikana: waliopata projesteroni walizaa mtoto hai kwa asilimia 65.8, na waliopata dawa bandia kwa asilimia 63.3, tofauti ambayo haitoshi kusema dawa imefanya kazi. Mwaka 2019 wakaja na wanawake 4,153 waliokuwa wakitokwa damu mwanzoni mwa mimba. Kwa jumla tofauti ilikuwa 75 kwa 72 katika kila mia, lakini kwa waliokuwa wamepoteza mimba tatu au zaidi hapo nyuma ilikuwa 72 kwa 57, na hiyo si tofauti ya kupuuzwa. Kwako wewe maana yake ni hii: ukishika mimba na usitokwe damu, huna haja ya homoni. Ukitokwa damu wiki za mwanzo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, upimwe kwa utrasaundi kama mimba iko mahali pake, kisha mzungumze na daktari kuhusu projesteroni. Ile iliyochunguzwa katika majaribio ya 2019 ilikuwa kidonge cha kuwekwa ukeni mara mbili kwa siku, miligramu 400 kila mara, wala haikuwa sindano. Kwa vyovyote vile, haizuii ugonjwa uliomchukua mtoto wako wa pili.

Ugonjwa huo ni ule ambao kliniki zetu huuita dalili za awali za kifafa cha mimba: presha kufika 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba ini, figo, damu au ubongo umeguswa. Chanzo chake huanza mapema mno, wakati tumbo halijaonekana hata kwa jirani mdaku. Kondo la nyuma linapojipandikiza, chembe zake huingia katika mishipa ya damu ya mji wa mimba na kuipanua, ili mishipa iliyokuwa myembamba na yenye kujikunja iwe mipana na tulivu, damu ipite bila shida. Kazi hiyo ikifanyika nusunusu, kondo hukosa damu ya kutosha. Miezi baadaye, kondo lenye njaa humwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoudhuru utando wa ndani wa mishipa yake mwili mzima, na hapo ndipo presha hupanda, figo zikavujisha protini na uso ukavimba. Ulichokiona mwezi wa nane kilikuwa kimeanza kupandwa mwezi wa tatu na wa nne.

Ndiyo sababu ya aspirini kuwahi. Habari yake ilianza kama fununu tu: mwaka 1979 barua katika jarida la Lancet ilieleza kwamba wajawazito waliokuwa wakimeza aspirini mara kwa mara walionekana kupata tatizo hili kwa nadra. Mwaka 1985 Wafaransa wakaijaribu kwa wanawake 102 walio katika hatari, wakiianza mwezi wa tatu, na matokeo yakawa mazuri ajabu. Kisha mwaka 1994 majaribio makubwa yaliyoitwa CLASP, yenye wanawake 9,364, yakapata faida ndogo isiyoweza kuthibitishwa, na madaktari wengi wakaiweka aspirini kando. Ukiyasoma majaribio hayo leo unaona walipokea wanawake kuanzia wiki ya 12 hadi ya 32, na dozi ilikuwa miligramu 60 tu. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kosa halikuwa la dawa, lilikuwa la kalenda na kipimo. Mwaka 2017 matokeo ya majaribio yaliyoitwa ASPRE yaliipa imani hiyo nguvu: wanawake waliochujwa kwa vipimo na kuonekana wana hatari kubwa walianza miligramu 150 kila usiku kati ya wiki ya 11 na ya 14, na waliopata ugonjwa huu kiasi cha kulazimika kuzaa kabla ya wiki ya 37 walikuwa 13 kati ya 798, ilhali kwa waliomeza vidonge bandia walikuwa 35 kati ya 822. Kwa ugonjwa unaokuja mwishoni kabisa, mimba ikiwa imekomaa, aspirini haikuonyesha tofauti kama hiyo. Lakini wewe ulipatwa mapema, na ni hapo hasa inapofanya kazi.

Usidhani pia kwamba ni habari ya Ulaya tu. Mwaka 2020 yalichapishwa majaribio ya karibu wanawake 12,000 wenye mimba ya kwanza katika nchi sita, zikiwemo Kenya, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walioanza miligramu 81 kabla ya wiki ya 14. Waliozaa kabla ya wakati walipungua kutoka asilimia 13.1 hadi 11.6, na vifo vya watoto tumboni na siku za mwanzo vilipungua kutoka 53.6 hadi 45.7 kwa kila elfu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kwa siku kwa mwanamke mwenye historia kama yako, zianzwe kabla ya wiki ya 20. Nchi nyingine hutoa 150. Kile kidonge kidogo ambacho watu hapa hukiita junior aspirini ni cha miligramu 75, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na sindano uliyoshauriwa. Usijiandikie mwenyewe: mwenye vidonda vya tumbo, pumu inayochokozwa na aspirini au tatizo la damu kutoganda anahitaji kuangaliwa kwanza. Na usidanganyike kwamba diklofenaki au ibuprofeni ni ndugu yake; hizo zikitumika nusu ya pili ya mimba zinaweza kumdhuru mtoto.

Kando ya aspirini ipo kalsiamu, kwa sisi ambao chakula chetu cha kila siku hakina maziwa ya kutosha. Pendekezo lililozoeleka limekuwa gramu moja na nusu hadi mbili kwa siku, yaani vidonge vikubwa vitatu au zaidi, na akina mama wengi walivichoka. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya majaribio mawili, moja India na jingine Dar es Salaam, kila moja likiwa na wanawake 11,000 wenye mimba ya kwanza, yakilinganisha miligramu 500 na 1,500. Dar es Salaam, waliopata ugonjwa walikuwa asilimia 3.0 kwa dozi ndogo na 2.7 kwa dozi kubwa, na India 3.0 kwa 3.6, kwa hiyo kwa upande wa presha dozi ndogo haikuzidiwa. Kwa upande wa kuzaa njiti, matokeo ya Dar es Salaam hayakutosha kusema hivyo. Kidonge kimoja kinachomezwa kila siku ni bora kuliko vitatu vinavyobaki kabatini. Usikimeze pamoja na kile chekundu cha kuongeza damu, maana kalsiamu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Kimoja asubuhi, kingine usiku.

Kuna kazi ya kufanya kabla ya mimba, nayo imesahaulika kuliko zote. Nenda upimwe presha sasa, bila mimba. Kama bado iko juu, basi huenda una presha ya kudumu, na dawa utakazopewa ziwe za kufaa mimba. Dawa kama kaptoprili, enalaprili na losatani hazimfai mtoto tumboni. Mwaka 2022 utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake 2,408 wenye presha ya kudumu isiyo kali ulionyesha kwamba kuidhibiti ibaki chini ya 140/90 kunapunguza madhara bila kudumaza mtoto, jambo ambalo zamani tuliliogopa. Pima mkojo na figo, sukari, kaswende na kundi la damu. Na kwa kuwa ulimpoteza mtoto kabla ya wiki ya 34 kwa ugonjwa mkali wa presha, mwombe daktari wa hospitali kubwa akufikirie kipimo cha kingamwili zinazogandisha damu kwenye kondo. Kipimo hicho kikionyesha zipo hurudiwa baada ya wiki 12, na mwenye nazo huongezewa sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, juu ya aspirini.

Ukiwa na mimba, hata umemeza kila kitu, ugonjwa unaweza kurudi, ingawa wanawake wengi waliowahi kuupata hawaupati tena mimba inayofuata. Kwa hiyo kila hudhurio lazima upimwe mambo mawili. La kwanza ni presha: ukae kwenye kiti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haijapishanishwa, mkono umelazwa usawa wa moyo, na usizungumze wakati mashine inavuta. Nimeona mara nyingi mama akipimwa amesimama foleni, kitambaa kimefungwa juu ya sweta, na namba iliyoandikwa kwenye kadi haina maana yoyote. La pili ni mkojo: kile kijiti cha karatasi kinachovywa, mraba wa protini ukabadilika kutoka njano kwenda kijani. Wakikuambia vijiti vimekwisha, uliza vitapatikana lini au wapi, na urudi. Maumivu ya kichwa yasiyosikia parasetamo, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia, kuvimba uso ghafla, au mtoto kupunguza kucheza, hayasubiri siku tatu wala siku ya kliniki.

Ukifika na dalili hizo, utachomwa magnesiamu salfeti, mara nyingi mshipani pamoja na sindano mbili za matakoni ambazo, nisikufiche, zinauma kweli, na mwili mzima huhisi joto kama umesogezwa karibu na jiko. Zivumilie. Mwaka 2002 majaribio ya wanawake 10,141 katika nchi 33 yalionyesha kwamba dawa hiyo inapunguza degedege la kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Haitibu ugonjwa wenyewe. Ugonjwa huondoka kondo likitoka, na ndiyo maana wakati mwingine tunalazimika kumtoa mtoto akiwa njiti.

Sasa kutokwa damu. Yaliyompata dada yako hayana maana kwamba nawe yatakupata, lakini hofu yako ni ya haki, na hapa ndipo utafiti wa miaka ya karibuni umenifurahisha zaidi. Tatizo letu la miaka yote wodini lilikuwa macho. Damu inaingia kwenye kanga, kwenye godoro, sakafuni, na mkunga anayehudumia watatu kwa wakati mmoja anakadiria tu "damu ya kawaida". Katika utafiti ulioitwa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, mama aliwekewa chini ya makalio shuka la plastiki lenye mfuko kama faneli, damu ikakusanyika humo, na mfuko una mistari miwili, mmoja wa mililita 300 na mwingine wa 500. Damu ikifika mstari, hakuna kubishana: tumbo linasuguliwa mji wa mimba ukaze, dawa za kuukaza zinatolewa, asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu iache kuvuja, na dripu vinaanzishwa, mama anachunguzwa kama amechanika, na kama haitoshi anapelekwa kwenye matibabu ya ngazi ya juu zaidi, yote kwa pamoja badala ya moja moja. Matokeo ya wanawake zaidi ya 210,000 yalichapishwa mwaka 2023: wanaovuja damu walitambuliwa kwa asilimia 93 badala ya 51, na waliofikia kuvuja damu vibaya, kupasuliwa au kufa kwa sababu hiyo walikuwa asilimia 1.6 badala ya 4.3.

Hiyo asidi ya traneksamiki iligunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke mwaka 1962, nao tangu awali walitamani ijaribiwe kwa wazazi wanaovuja damu. Mama huyo alifariki mwaka 2016. Mwaka uliofuata majaribio ya wanawake 20,060 yakaonyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa tatu baada ya kujifungua inapunguza vifo vya kuvuja damu kwa karibu theluthi moja. Lakini ni dawa ya kutibu. Ilipojaribiwa kama kinga kwa wajawazito wenye upungufu wa damu nchini Nigeria, Pakistani, Tanzania na Zambia, haikuzuia kuvuja damu. Kinga iliyo mikononi mwako ni kufika leba ukiwa na damu ya kutosha, kwa vidonge vya chuma, dawa za minyoo na vidonge vya SP vya kuzuia malaria kama unavyopangiwa kliniki, na kutokunywa mizizi ya kuongeza uchungu.

Mahali pa kujifungulia nako kuna uzito. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya mpango ulioendeshwa katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambamo wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa wanasesere, wakijizoeza kumzindua mtoto asiyelia na kuzuia damu, wakitumia takwimu za wodi yao wenyewe kujirekebisha. Vifo vya watoto tumboni na siku ya kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila elfu, na vifo vya akina mama kwa takriban robo tatu. Kwa historia yako usipange kujifungulia zahanati. Panga hospitali yenye upasuaji, damu ya kuongezwa na chumba cha njiti, na upange nauli na wachangiaji damu wawili mapema.

Mwezi huu, kabla hujaacha njia ya uzazi wa mpango kama unayo, beba kadi yako ya zamani na karatasi za kuruhusiwa hospitali, uende ukapimwe. Siku ukikosa hedhi na kipimo kikasoma mistari miwili, hesabu wiki kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, iwekee alama wiki ya 12 kwenye kalenda, na ufike kliniki kabla ya hapo. Najua desturi ya kuficha mimba changa kwa kuogopa macho ya watu, na wala sikuombi uitangaze. Mwambie mumeo peke yake, na mwende wote wawili, maana wahudumu watamuulizia mwenza wako hata hivyo.